Tundu Kwenye Sketi ya Bibi Mcheki

Jana mjukuu wangu alikuwa anapiga pasi shati la kazini hapa ugenini, Walthamstow. Akalipulizia wanga, na ile harufu ikanikausha mate. Skuli sikukaa sana, lakini pua yangu haisahau.

Nilikuwa na miaka saba, ndiyo kwanza tumefika hapa. Mama alimfulia bibi mmoja Mcheki, mtu wa mashamba ya ngano, kwao wenye uwezo. Alikimbia kwao kama sisi tulivyokimbia Unguja, na alichobeba ni vazi lake la sherehe: kola pana ya lesi, na sketi ya marinda, iliyotiwa wanga mpaka ikasimama yenyewe chumbani kwetu.

"Naenda kuanika," mama akasema. "Ukiigusa, leo utanijua."

Sasa mimi nikaona nguo ya sherehe haijafukizwa udi. Itavaliwaje? Chetezo cha Ijumaa kilikuwa bado na makaa, nikakisukuma chini ya marinda. Cheche ikaruka. Likatoboka tundu la kuingia kidole.

Mama hakunipiga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana kazi ile ndiyo iliyotulisha. Bibi alipoifuata nguo yake, nilijikojolea, sifichi.

"Nani kaiunguza?"

"Mimi," mama akasema.

Bibi akaniangalia mimi. "Kesho mlete huyu kwangu."

Usiku ule sikulala. Asubuhi bibi akanikalisha mbele ya ile sketi, akanipa sindano na uzi mweupe. Nikashona, naye ananipulizia vidole kila nikijichoma.