Kanazawa Yetu ya Nyakasanza

Juzi nilirudi Bunia, ndugu yangu, motari akanishusha na pikipiki yake Nyakasanza, kwenye kona ya zamani. Nyuma ya ua fulani mtu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Basi nikasimama pale na begi mkononi kama mjinga, maana mlio ule ulinirudisha moja kwa moja kwenye baraza ya mwalimu.

Ilikuwa wakati wa vita. Shule zimefungwa, mama amekwama upande wa Djugu, nami niko kwa koko, mama yake mama. Asubuhi mapema nilichota maji kabla masasi ya bunduki hayajaanza, kisha koko akanifungia ndani na muhogo wa kuchemsha. “Mutoto wa vita hachezaki mbali,” alikuwa anasema. Upweke ule, we acha! Nilikuwa nazungumza na kuku.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa historia, na kukaa bure kulimshinda. Mchana, kukitulia, alituita watoto wa pale barazani kwake. Tulichambua maharagwe ya mke wake, mke mwenyewe akitwanga sombe uani, huku mwalimu akitusimulia mji mmoja wa Japani, Kanazawa, tangu zamani sana. Aliuchagua kwa sababu jina lake maana yake ni kinamasi cha dhahabu, na sisi wa Ituri dhahabu tunaijua. Alianza na maskini mmoja aliyechimba viazi, akaviosha kwenye chemchemi, chenga za dhahabu zikabaki majini. Tulicheka sana, baba zetu wameosha mchanga mwingi machimboni, na hawakutajirika!

Kisha akafika mahali ambapo wakulima na watawa walimfukuza mtawala wao, wakajitawala karibu karne nzima. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu siku zile wakulima na wafugaji walikuwa wanauana, na neno “mkulima” lilikuwa na kabila. Mwenzetu mmoja akauliza, “Mwalimu, hao bakulima ni ba kwetu ao ni ba ngambo ile?”

“Aa, hapana!” mwalimu akakasirika. “Ni Bajaponi! Siye hatuko mu hii habari!”

Tulimsikia, lakini tulipotoka tulicheza Kanazawa njiani, na kila mmoja alitaka wakulima wawe watu wake. Wakubwa wakasikia. Ulimi hauna mfupa: kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba mwalimu anafundisha watoto kufukuza watu.

Asubuhi yake alikuja kumuaga koko, godoro limefungwa kwenye baiskeli, mke wake akilia. “Mama, siye tunaenda Beni. Bamesema batakuja kutuchoma.” Katika hadithi yake mimi nilikuwa nimeachwa pale mtawala mpya wa Kanazawa alipojenga ngome. Nikamshika shati: “Na vita zingine? Ule muji uliungua?”

“Nitakumalizia nikirudi,” akasema.

Nilimngoja, wee! Kila mchana nilikaa kwenye baraza yake tupu. Nilijiambia kwamba ikiwa mji wa dhahabu uliweza kupita katika vita zote zile, basi Bunia nayo itapita, na mama atafika. Mama alifika, amekonda, mzima. Mwalimu hakurudi, na mpaka leo sijapata mtu wa kuniambia kama alifika Beni.

Mwisho wa hadithi niliutafuta mwenyewe nikiwa mtu mzima. Watawala wale wa ngome waliogopa wasishukiwe kwamba wanajiandaa kwa vita, wakatia mali yao kwenye vikombe vya chai, vitambaa, bustani, na dhahabu iliyofuliwa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Baadaye, vita kuu ya dunia ilipochoma miji mingi ya nchi ile, mabomu hayakuigusa Kanazawa. Nilipoyasoma hayo nililia, sikufichi. Koko amekwisha kufa, na wenzangu wa maharagwe walitawanyika, wengine sijui hata kama wanaishi. Ningemwambia nani?

Ndiyo maana juzi, pale kwenye kona, nilijikuta nasema kwa sauti, “Haukuungua, mwalimu.” Mama mmoja aliyebeba beseni la ndizi akanipisha, akidhani niko kwenye simu.