Saa ya Ng'ambo Katika Maktaba Yetu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo hunidundisha moyo na kunichekesha. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, nimepangiwa shule ya sekondari Tunduma, mpakani na Zambia, nina shahada na simu ya kupangusa. Kati ya hivyo viwili, simu ndiyo niliyoitembeza zaidi.

Wanafunzi wetu walikuwa wanakwenda Vwawa kwenye mashindano ya maktaba: kutafuta majibu vitabuni na mtandaoni, kisha kueleza lipi la kuaminiwa. Shule itakayoshinda ingepewa kompyuta kadhaa. Sisi tulikuwa na moja, shule nzima, na kuigusa kulihitaji maandalizi kama ya kipaimara. Kundi letu liliongozwa na Kabula, binti wa wafugaji na wakulima wa mpunga wa Kamsamba, aliyefika maktaba kila siku kabla ya mwenye ufunguo.

Asubuhi ile, katikati ya mazoezi ya mwisho, Kabula aliniambia kwa upole kuwa kwa saa ya ukutani gari la kutupeleka Vwawa linakaribia kuondoka. Nikamwonyesha simu: bado saa nzima. Haraka haraka haina baraka, nikamwongezea, maana mjinga akipata methali huitumia popote.

Mama Silwimba, mwalimu wa maktaba, akaingia akihema.

"Mwalimu, mbona watoto bado wapo? Gari limeondoka."

"Bado mapema, mama. Simu hii hapa."

"Na simu nayo imemuuliza nani?"

Nikatazama vizuri. Ilikuwa imekamata mnara wa Zambia, na ng'ambo ile saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kila muuza vitumbua wa mpakani alilijua hilo.

"Haikudanganya," akasema Mama Silwimba. "Imesema kweli ya kwao. Wewe ndiye hukuuliza kwao ni wapi. Sasa kimbieni."

Tukakimbia. Barabarani tukapata lori la mahindi, tukapanda juu ya magunia, watoto wakiimba, nami nimeshikilia tai isipeperuke. Vwawa tulikuta shule yetu inaitwa kwa mara ya mwisho. Kabula akaitikia akiwa bado mlangoni, vumbi kichwani.

Swali lilikuwa: mpunga upandwe lini? Kompyuta ikaleta ukurasa wenye picha za kupendeza, na shule nyingine zikaunakili. Kabula akausoma hadi chini kabisa, akaona umeandikwa kwa wakulima wa nchi nyingine. Akafungua kitabu cha kilimo, akalinganisha majira ya mvua ya huko na ya kwetu.

"Waheshimiwa majaji, ukurasa huu ni sahihi," akasema, "ila baba yangu akiufuata, tutakula majani pamoja na ng'ombe."

Ukumbi ukaangua kicheko, na kompyuta zikawa zetu. Nilijikuta nimesimama juu ya benchi, mwalimu mzima. Mama Silwimba alizipanga katikati ya makabati ya vitabu, si chumba cha pembeni, ili mtoto akigeuka tu akutane na kitabu.

Mwanangu, wewe umezaliwa ukaukuta mtandao mfukoni, nami nakuonea wivu. Lakini kuuliza si ujinga. Jibu likikujia, lipokee kama mgeni: likaribishe, kisha liulize limetoka wapi, limetumwa na nani, lilimlenga nani. Liketishe na kitabu, liketishe na mtu anayeijua kazi hiyo, uone kama wataelewana. Mashine usiiogope, wala usiipigie magoti.

Mungu akupe macho yanayosoma hadi mwisho wa ukurasa, na akuzungushie watu wasioona haya kukusahihisha.