Shati na Gauni vya Jora Moja

Lidwina alikuwa na uso wa dharau tangu usichana wake, na ukimuuliza mtu yeyote pale Mfaranyaki, Songea, atakuambia hivyo hivyo. Anauza dagaa wa Nyasa kibarazani kwake, anapima kwa kopo, na mteja akithubutu kuuliza kama wana mchanga, yeye hubinua mdomo na kumjibu, "Nenda kale nyama." Na bado wateja hurudi. Kwa dagaa hao amesomesha watoto na kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, wala hakuna mwanamume aliyemshikia hata nyundo.

Mume alikuwepo, lakini mume gani huyo! Hironimus alitoka asubuhi moja kwenda kununua betri za redio, binti yao Hilda akiwa bado anatambaa, akaishia Mjimwema kwa mwanamke anayeitwa Jane. Mjimwema si Ulaya. Ukipanda bodaboda unafika kabla hujamaliza kubishana na dereva juu ya nauli. Lakini miaka yote hiyo Hironimus hakuiona njia ya kurudi, hata kuleta kalamu ya mtoto. Redio yenyewe iko mpaka leo juu ya kabati la Lidwina, bubu.

Sasa Hilda amechumbiwa, na sendofu, sherehe ya kumuaga kwao, imepangwa kiangazi hiki, mahindi yakishaingia ghalani. Ndipo Joachim, mtoto wa kwanza, akashuka kutoka Dodoma na mkewe Dorine, na Dorine akashuka na neno lake la picha. Siku hizi, alisema, pale mlangoni mwa ukumbi lazima isimamishwe picha kubwa ya familia, ili wakwe wakiingia waione. Na isipigwe studio, hapana, studio ni ushamba. Ipigwe nje, chini ya milima ya Matogoro, kwenye nyasi, jua likiwa limelegea.

"Nyasi zipi?" Lidwina aliuliza. "Zile kavu ambazo hata ng'ombe wamezisusa?"

"Ndiyo uzuri wake, mama. Zinatoa rangi ya dhahabu."

Lidwina alimtazama mkwewe huyo kuanzia kucha mpaka kope, vyote vya kubandika, akaona hapana haja ya kupoteza pumzi.

Basi nyumba ikawa haikaliki. Mara fundi cherehani, mara msusi, mara viatu vya Joachim vimekuwa vyeusi mno vitapigana na rangi ya milima. Watu wazima wenye akili zao walisimama uani kufanya mazoezi ya kucheka! Dorine aliwashikia simu na kuwaambia, "Chekeni kama kuna mtu kasema kitu." Nani alikuwa amesema kitu? Hakuna. Wakacheka. Joachim, mtu na kitambi chake, alirudia kucheka huko mpaka mashavu yakamuuma. Lidwina aliyaona yote hayo kutoka kibarazani, akatema mate pembeni.

"Mama," Dorine alimwambia kwa sauti ya kubembeleza, "mpaka tupige picha, usishike dagaa, tafadhali."

"Kwani picha inanuka?"

Hayo yote angeyavumilia. Harusi ya mtoto huja na wendawazimu wake. Kilichomfika kooni kilitoka kwa fundi siku mbili kabla ya picha, kwenye mfuko wa plastiki. Watoto na wajukuu walishonewa sare ya bluu. Yeye akatolewa gauni la kitenge rangi ya damu ya mzee, lenye ndege wa manjano, zuri kusema kweli. Chini ya gauni, kutoka jora lile lile, shati la kiume.

"Na hili la nani?"

Joachim akageukia ukuta.

"La baba," Hilda akasema.

Loh! Mtu wa Songea yeyote anajua maana yake. Mwanamke na mwanamume wakikaa mbele za watu na kitenge cha jora moja, hakuna anayewauliza cheti cha ndoa. Wameshasema. Na hawa watoto aliowabeba mgongoni peke yake wanataka awaambie wakwe, kwa mwili wake mwenyewe, kwamba Hironimus alikuwepo siku zote. Kwamba dagaa waliuzwa na wawili.

"Sikai na huyo mtu katika nguo moja," alisema.

"Mama, ni picha tu," Joachim alisema.

"Kama ni picha tu, mkalisheni mbuzi."

Hilda akaanza kulia. "Wakwe wataniuliza baba yangu yuko wapi, mama. Nitawajibu nini?"

"Waambie yuko Mjimwema. Wakitaka, wampigie hodi."

Joachim alilichukua shati, akampelekea baba yake jioni ile ile. Lidwina alilikunja gauni, akaliweka mapajani, na wale wapumbavu wakadhani ameshalainika. Dorine alifikia hata kumletea hereni za kwenda nalo.

Kesho yake mapema alilifunga gauni kwenye khanga, akapanda bodaboda mpaka Mjimwema. Alimkuta Jane amekaa kwenye mkeka uani, anapukuchua mahindi, mikono imejaa vumbi jeupe.

"Shikamoo, dada," Jane alisema, akasimama haraka.

"Marahaba. Shika. Mumeo ameshapata shati, na hili ni lako. Kesho mje pamoja."

Jane alifungua khanga, akaangalia ndege wa manjano, akamwangalia Lidwina. Dirishani palichungulia kichwa cha Hironimus, nywele zimepakwa piko jipya, shati ameshalivaa siku moja kabla. Mzee mzima! Lidwina alimpa mgongo na kupanda pikipiki yake, na njia nzima alikuwa anacheka kwa pua.

Siku ya picha alivaa gauni lake jeusi la Misa ya Jumapili. Walipofika Matogoro, watoto wakamuuliza gauni liko wapi, akawaambia linakuja. Likaja kweli, juu ya bodaboda, Jane amelivaa, amekaa nyuma ya Hironimus. Kitenge kiliwapendeza wote wawili.

"Yesu wangu!" Dorine akashika kichwa.

"Mlitaka baba na mkewe," Lidwina akasema. "Hao hapo."

Alikuwa ameshinda, na aliusikia ushindi wake mpaka kwenye magoti. Lakini kuna mtu mmoja alikuwa amemsahau. Mpiga picha, Muhsini, alikuwa mgeni kutoka Tunduru, hajui ya Mfaranyaki wala ya Mjimwema, na jua lilikuwa linamkimbia. Aliona shati, akaona gauni.

"Baba na mama, viti hivi vya katikati," alisema, na Hironimus alikuwa ameshakaa. "Watoto nyuma ya wazazi. Na wewe shangazi, simama kule mwisho. Kidogo tena. Nyuma ya huyo kijana."

Lidwina hakusogea. Alisubiri mmoja wao afungue mdomo. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto mchanga hulijua. Joachim alikuwa anapanga kola yake. Dorine alikuwa anamwangalia Joachim. Hilda alishika kiti cha baba yake kwa mikono miwili, akainamisha uso kwenye nyasi.

"Tayari?" Muhsini akainua kamera.

Aliyesimama ni Jane.

"Ngoja, kaka. Mama yao ni yule pale. Si mimi."

"Kaa chini wewe," Hironimus akamvuta mkono wa gauni. "Usituharibie picha."

Jane akautoa mkono wake, taratibu. "Dada, njoo ukae."

Lidwina hakwenda kukaa. Aliwatazama watoto wake mmoja mmoja, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Nimewazaa mimi," alisema, "na wa kunitaja amekuwa huyu."

Akamwita dereva wa bodaboda, akapanda. Kisha akasogea mbele kidogo kwenye kiti na kumgeukia Jane. "Panda."

Jane alipanda. Nyuma yao Hilda aliita mama, mama, na Muhsini akabaki na kamera yake kifuani, mbele ya Hironimus aliyekaa peke yake katikati ya bluu yote ile.

"Sasa nipige au nisipige?" aliuliza.

"Piga!" Lidwina alimjibu, pikipiki inaondoka. "Baba yao si yupo?"