Farasi wa Mgeni wa Mtwazi

Kabla sijamwona farasi nilimnusa. Harufu ya jasho na ngozi na majani yaliyotafunwa iliingia mpaka jikoni, ikaifunika ya ndizi na maharage, na mama akaacha kumenya akauliza ni mnyama gani ametuingilia. Enzi hizo za Waingereza, sisi wa Izigo tulijua ng'ombe na mbuzi basi. Farasi tulikuwa tunasimuliwa. Kutoka nje, huyo hapo, kafungwa kwenye mti wetu wa kahawa anakula majani yake, na pembeni kasimama mzungu mrefu, mwekundu shingo nzima, pamoja na msimamizi wa mtwazi wetu, bwana mwenye ardhi. Yule msimamizi alikuwa anaongea kwa pua, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. “Mgeni wa mtwazi anataka kuwinda pofu, tena juu ya farasi. Mtu aliyekuwa anamwandalia safari zake karudi kwao. Mtafutie mwingine. Siku kumi. Ukishindwa, kibanja hiki kina watu wengi wanaokitamani.” Tata, baba yangu, akapiga magoti akasema, “Ndiyo, waitu,” kama tulivyowaita wakubwa. Angesema nini? Kibanja hakikuwa chetu. Migomba tulipanda sisi, kahawa tulipanda sisi, babu kalala nyuma ya nyumba, lakini ardhi ilikuwa ya mtwazi, na mtwazi akisema toka, unatoka na chungu chako kichwani.

Pofu, kwa asiyemjua, ni mnyama mkubwa kama fahali, pembe zimejisokota. Kwetu hakuwepo. Alikuwa mbali kule nyika za Burigi, na huko kuna mbung'o, wale nzi wanaoua mifugo. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta mtu wa kupanga yote: wapagazi, chakula, mbwa, njia, na kumrudisha farasi mzima. Mama alikuwa na kichanga, nikachukuliwa mimi kubeba ndizi za njiani. Bukoba mjini tulimkuta mzee mmoja Mwislamu, mababu zake watu wa pwani, amepika kwenye safari za wazungu mpaka kachoka. Sauti yake laini kama siagi. “Ndugu yangu, chai nitapika, hema nitasimamisha. Lakini farasi akikohoa tu, nitaulizwa mimi nimemlisha nini. Nenda salama, na mtoto mpe kashata hii.” Nikaila, tena tamu, huku baba yangu anakufa kwa mawazo. Kaagya tulitajiwa mwindaji mwingine. Mkewe akatuambia, “Hayupo, kasafiri,” na miguu ya huyo aliyesafiri tunaiona nyuma ya mgomba. Tata aliaga vizuri, akaiaga na ile miguu, tukaondoka.

Siku ya nane tukafika Nshamba kwa mzee aliyesifika kuliko wote, mwenye mbwa wa kengele shingoni. Sauti yake ilikuwa kama mtu anakanyaga changarawe. “Pofu? Pofu najua hata anapojikuna. Farasi simtaki. Akifa nitakuwa nimemuua mimi.” Kukataa kulimchukua dakika moja. Baada ya hapo akakaa mpaka jua linapinda anatuonyesha jinsi ambavyo angefanya kama angekubali: anatembea kama pofu, anabweka kama mbwa, anaunusa upepo, anasema alfajiri utafute nyayo kwenye madimbwi. Mimi nimekodoa macho. Tata alikuwa anatazama vidole vyake tu.

Njiani nikaanza kumwiga. Siku nyingine ningefinywa sikio, maana Tata hakupenda nicheze na sauti za wakubwa. Siku hiyo alisimama katikati ya rweya, ule uwanda wazi wa nyasi, majani yanampiga magotini, akasema, “Rudia.” Nikarudia. “Tena, taratibu. Juu ya upepo alisema nini?” Nikamwambia ya upepo, nikamwambia ya nyayo, nikabweka. Mara ya tatu nikaelewa anachotaka kufanya. Siku ya kumi akapiga magoti mbele ya msimamizi: “Mtu nimempata, waitu. Ni mimi.” Mama alimsubiri aingie ndani. Akamwambia polepole, “Wewe hata kanga hujawahi kuua.” Tata akamjibu, “Na wewe hata siku moja hujalala porini na kichanga. Kipi rahisi?”

Akaenda. Na pofu alipatikana. Mzungu alirudi anacheka meno yote nje, nyama ikatufikia, msimamizi akamwita Tata “fundi” kwa ile pua yake. Wiki mbili tatu tulilala usingizi wa watu wenye kwao. Halafu tukasikia farasi hataki kula, mbavu zinahesabika, tumbo limevimba. Mwishowe akafa, na msimamizi akaja kutuambia tutoke kwenye kibanja.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Yule mzee wa Nshamba, katikati ya vituko vyake, alikuwa ametulia akasema jambo moja kwa sauti ya kawaida, bila kuchezesha hata kidole: “Kile kichaka cha mtoni usikipite na farasi jua likiwa juu. Ngoja giza, mbung'o walale.” Sikulirudia. Halikuchekesha. Hakukuwa na cha kuiga pale.

Siku tunafunga mizigo nilimfuata Tata kwenye kahawa. Alikuwa anayashika matawi moja moja. Nikamwambia lile neno la mzee lote, makamasi yananitiririka. Akasema, “Mwanangu, mimi si nilikuwepo? Nililisikia. Mzungu ndiye hakutaka kungoja giza.” Akanifuta pua kwa kiganja, akaenda kumsaidia mama kufunga chungu.

Sasa wajukuu zangu wana shamba lao Kaagya, tena lina karatasi, na hakuna mtu wa kupita akawatoa kwa sababu mnyama wa mgeni amekufa. Wanakuja jioni, “Bibi, tufanyie msimamizi,” nafanya. “Tufanyie mzee wa kashata,” nafanya, wanagaragara. Wakisema niwafanyie Tata pale kwenye kahawa, maneno ninayo, hata pumzi yake ninayo. Ila sijui niyaseme kama mtu anayesema kweli, au kama mtu anayemhurumia mtoto. Nimejaribu vyote viwili, na vyote viwili ni yeye.