Saa Moja ya Nakonde

Ipo siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka kichwa huniuma, na leo umenikumbusha. Nimekusikia ukijigamba kuwa programu ya ofisini kwenu imeandikwa kwa lugha ya wazee, kwamba utaifuta yote uandike upya. Haya, kaa unisikilize.

Nilikuwa msichana, karani wa wakala wa mizigo hapa Tunduma. Kompyuta ilikuwa moja, na programu yake niliiandika mimi kwa Basic, kila mstari na namba yake. Akaja Kasimu, kijana wa Tanga, katoka kusoma Pascal, lugha mpya ya kompyuta. Aliicheka mistari yangu mpaka machozi. Kipya kinyemi, tajiri akamruhusu aandike upya.

Kasimu alikuta mstari unaopunguza saa moja kwa madereva waliokuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Akadhani ni kosa, hakuutia katika programu yake mpya. Jamani, ukivuka mpaka tu, saa ya Zambia iko nyuma kwa saa moja. Hata muuza ndizi wetu analijua. Geti lilifungwa saa kumi na mbili jioni ya kwetu, ambayo kwao ni kumi na moja. Karatasi iliyochapwa na programu ya Kasimu ikamwambia dereva wa lori la samaki, aliyekuwa Nakonde, kuwa geti hufungwa kumi na mbili. Dereva akatazama saa yake ya Zambia, akanywa chai bila haraka, akafika geti limefungwa. Barafu ikayeyuka usiku, na samaki wa Mama Siame, mjane, mtaji wake wote, wakaoza.

Nilimvaa Kasimu kwa maneno, nikijua tajiri wetu, Alhaji, yuko upande wangu. Alhaji akanigeukia mimi.

"Binti, mstari ule uliuandikia sababu yake pembeni?"

Nikajibu hapana, mbona kila mtu anajua.

"Kila mtu wa hapa. Huyu mgeni. Yeye hakuuliza, wewe hukusema, na mama wa watu analia. Habari za nani kaandika kwa lugha ipi, sitaki kuzisikia."

Nilinuna wiki nzima, maana alisema kweli.

Tangu hapo imekuja Java, ikaja hiyo PHP yako, na kila mwenye mpya huja na jembe la kuizika ya jana. Nimechoka, mwanangu. Hata yako mwanao ataicheka. Kuuliza si ujinga: usifute mstari kabla hujajua nani anautegemea. Na ukiandika wako, andika na sababu, kwa kuwa siku ya kuulizwa hutakuwepo. Mungu akubariki mikono na akili, akuoneshe mtu aliye nyuma ya kila mstari, na siku ukimsahau, akunyime usingizi mpaka umkumbuke.