Mayai ya Dimbwi Lililofukiwa

Majirani waliendelea kumwita Fundi Saa, ingawa alikuwa na miaka mitatu hajafungua saa ya mtu. Macho ndiyo yaliyomfungia duka. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mkewe alilia. Yeye aliuliza moja tu: sasa nani atamwangalizia mayai?

Chumba cha nyuma kilijaa matangi ya vioo, makao ya samaki wadogo kuliko kidole, wa dimbwi la msimu. Mvua zikija wanazaliwa. Dimbwi likikauka wanakufa wote, na mayai yanabaki matopeni kungoja mvua nyingine. Fundi aliigiza dimbwi kwa mikono yake. Samaki walitaga kwenye mboji aliyoitandaza chini ya tangi, naye akaikamua kama nguo ya kufua, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika tarehe. Miezi mitano au sita baadaye anaimwagia maji, na kesho yake vifaranga wanaogelea.

Lile dimbwi alikowatoa lilifukiwa, pakajengwa maghala. Kisha ugonjwa ukaingia matangini, Fundi asiuone mapema, ukafagia wote. Ukabaki mfuko mmoja. Huo ukiharibika, ukoo umekwisha.

Mkewe hakuwahi kuwapenda samaki hao. Aliwaita wake wenza, na si utani mtupu. Sasa ndiye aliyekaa dirishani, lenzi ya fundi saa imebanwa jichoni, chembe za mboji kisahanini.

"Unaona nini?"

"Yai."

"Ndani yake, mama watoto! Kuna macho mawili yenye duara la dhahabu?"

"Kuna maji tu."

"Miezi mitano imetimia, yangepaswa kuwa tayari!"

"Basi njoo uangalie mwenyewe."

Ulikuwa ukali, na aliujutia papo hapo. Wiki mbili baadaye aliangalia tena: bado. Mara ya tatu akasema, "Macho yapo. Dhahabu hakuna."

"Huioni wewe. Umezoea kutunga uzi kwenye sindano, hii kazi nyingine."

Siku mkewe alipokwenda kliniki kupima sukari, Fundi alipapasa mfuko, akatenga nusu ya mboji, akaitia kwenye beseni na kuimwagia maji. Angalau hakusahau kanuni yake ya miaka yote, kwamba mfuko hauloweshwi wote kwa pamoja. Asubuhi akamwita mkewe, sauti imejaa ushindi.

Mkewe aliinamia beseni kwa muda mrefu. "Wapo tisa," alisema. "Ila wanatambaa. Wanaburuta matumbo chini, hawainuki."

Fundi akakaa kitini. Kifaranga aliyeamshwa kabla ya wakati wake haelei, na asiyeelea hafiki popote. Siku ya tatu hakubaki hata mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu aliyewagombeza wanafunzi maisha yake yote kwa kufungua saa kwa pupa! Kilichomchoma zaidi ni kwamba mwenzake alikuwa ameona sawasawa, naye kamdharau.

Mkewe hakumsema. Alichukua nusu iliyobaki, akaifungia kabatini kwake kati ya nguo, akautia ufunguo kifuani.

"Nikiwa tayari nitakwambia."

"Haya, mama watoto."

Zikapita wiki tano. Kila Jumapili kabati lilifunguliwa, likafungwa, Fundi akameza maswali yake. Jumapili ya sita mkewe akatoka na kisahani mkononi.

"Leo yananitazama," alisema. "Dhahabu tupu, pande zote mbili."

Maji aliyamwaga mkewe mwenyewe. Asubuhi Fundi alisimama mlangoni, anaogopa kuingia.

"Wanatambaa?"

"Watatu wanatambaa."

"Na wengine?"

Mkewe aliinama zaidi juu ya beseni.

"Mama watoto, na wengine?"

"Hebu ninyamazie, unanipotezea hesabu! Hawatulii hawa, huyu juu, huyu chini…"

Machozi yalimtoka Fundi, akayaacha yatoke, akaegemea mlango kumngoja amalize kuhesabu.