Shimo la Fundi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, chini kabisa, mahali ambapo wageni hawafiki. Huko alipokea shuka zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado na unyevu, akazikung'uta, akazinyoosha, akazipitisha kwenye pasi ya mvuke mpaka mabega yakafa ganzi. Akirudi nyumbani jioni, vidole vyake vilikuwa vimekunjamana na miguu imevimba hata viatu vilikataa kuvulika. Maji alikuwa hataki hata kuyaona. Ukimuuliza habari za kazi angekujibu, "Nimeshafuliwa, bado kuanikwa."

Mumewe alikuwa mwashi, na watu walimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa wakibahatisha. Ndiye aliyeamua kuchimba tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba, ili mkewe akitoka kupambana na mashuka asikute ndoo zinamsubiri. Alichimba mwenyewe siku za mapumziko, akikataa msaada. Shimo lilipomfika kifuani, mchana mmoja, alitupa koleo juu, akashika ukingo ili atoke, akateleza, akakaa chini. Mama Pasi alidhani anapumzika. Alimwita aje ale, hakuitikia. Alipochungulia aliona mdomo wa mumewe umekwenda upande.

Kiharusi kilimwachia uhai, kikachukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya maneno. Alirudishwa kutoka hospitali akawekwa kitini chumbani, na jambo la kwanza alilofanya ni kuhangaika na kile kiti mpaka dirisha la nyuma likawa kisogoni mwake. Hakutaka kuliona shimo. Mama Pasi naye hakulitaka. Alihamisha kamba ya kuanikia nguo akaifunga mbele ya nyumba. Udongo uliochimbuliwa ulichukuliwa na mvua, na majirani nao wakachota wa kujazia vibaraza vyao, walioomba na wasioomba, mpaka haukubaki. Shimo likajaa maji, maji yakajaa viluwiluwi, na mbu wakajaa nyumba za watu.

"Wifi, lifukie hilo shimo," dada yake Fundi alimwambia kila alipokuja. "Limemwangusha kaka yangu, unaliweka la nini?"

"Nilifukie na nini, wifi? Udongo umekwenda na wenyewe."

"Si unaagiza mwingine."

"Na nani ataujaza?"

Wifi akatazama pembeni. Swali la nani lilikuwa linawatawanya watu kuliko mvua.

Kisha akaja bwana afya, kijana mpole mwenye viatu vya mpira, akamulika ndani ya shimo kwa tochi mchana kweupe. "Mama, hapa una njia mbili," alisema. "Ama ufukie, ama uweke samaki. Wakiwemo samaki, mbu hawatoki. Wanaliwa wakiwa wadogo." Akaahidi kupita tena, kwa sauti ya mtu asiyependa kupita tena.

Hivyo ndivyo bwawa lilivyoanza. Mama Pasi hakuwa na shauku ya maua wala samaki. Kufukia ndiko kulikomshinda. Mtu aliyechoka huchagua kazi anayodhani ni nyepesi, na mara nyingi hukosea.

Alimweleza mumewe siku hiyo hiyo, huku akimnywesha uji. "Nitaweka samaki kule nyuma."

"Hapana," alisema Fundi. Lilikuwa moja ya maneno machache yaliyombakia yakiwa mazima.

"Basi njoo ulifukie wewe."

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima. Akakifuta kidevu cha mumewe, akajaza kijiko tena.

Alichota maji yote kwa ndoo, akaliacha shimo likauke kwa jua. Akatupa chini vipande vya matofali na kokoto zilizokuwa zimesalia, mpaka kina kikapungua na mtu aliweza kusimama ndani bila kuzama zaidi ya kiuno. Saruji ilikuwapo, Fundi alikuwa ameiweka juu ya mbao, imefunikwa vizuri, ikilingojea tangi. Mama Pasi akachanganya kama alivyowahi kuona ikichanganywa, akashika mwiko, akabandika. Plasta ikakaa kidogo, kisha ikajivua ukutani ikaanguka miguuni pake. Akabandika tena. Ikaanguka tena. Alikuwa ametoka kazini, hata sare hajavua.

Kumbe ndani ya nyumba kulikuwa na masikio. Mwashi husikia mwiko kama mama asikiavyo kilio cha mwanawe, na mwiko ule ulikuwa unalia vibaya. Mama Pasi alisikia mkongojo ukigonga sakafuni, mguu ukiburutwa, mlango wa nyuma ukisukumwa. Fundi akasimama pale kizingitini, jasho linamtoka, akalitazama shimo lake kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Kisha akasonya.

"Maji," alisema.

"Maji gani? Unataka kunywa?"

Akaonyesha ukuta kwa mkongojo. "Maji!"

Ndipo Mama Pasi alipoelewa kuwa ukuta ulikuwa mkavu, unainyonya plasta. Akaulowesha. Akabandika, na safari hii ikashika. Fundi akageuza ndoo, akaikalia ukingoni, akanyoosha mkono wa kushoto aletewe mwiko. Mkono ule haukuwa umewahi kufanya kazi ya maana. Ulikuwa mkono wa kushikilia tofali wakati mwenzake anajenga. Alipiga plasta kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, mabonde na milima, na kila ilipoharibika aliikwangua akaanza upya. Walifanya hivyo jioni kadhaa, yeye akipiga sehemu za juu alizozifikia, mkewe zile za chini, na baina yao maneno hayakuzidi "hapa" na "bado".

Plasta ilipokauka Mama Pasi alijaza maji, kisha akaenda kwa mfugaji wa samaki ng'ambo ya barabara kuu, akarudi na perege wadogo ndani ya mfuko wa nailoni uliotunishwa hewa. Fundi alipouona mfuko ule alibadilika uso.

"Chumvi," alisema.

Mama Pasi akaweka mfuko chini, akaenda jikoni, akaleta kibakuli cha chumvi. Fundi akakisukuma. "Chumvi. Chumvi!" Alikuwa akionyesha bwawa, akionyesha mfuko, akipiga paja lake, na lile neno likirudi lile lile kila alipofungua mdomo, naye akilisikia na kulikunjia uso kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake.

"Mume wangu, nimechoka," alisema mkewe. "Chumvi ndiyo hiyo. Unataka niile mimi?"

Fundi akafunga mdomo. Mama Pasi akawamimina samaki, akaingia kulala.

Asubuhi aliwakuta wote wanaelea, matumbo juu, meupe kama vifungo vya shati. Aliwaokota kwa kichujio cha chai, akawafukia, akaenda kazini akapiga pasi mashuka ya watu.

Jioni alipitia kwa mfugaji, akamweleza. Yule bwana alikuwa amesimama ndani ya bwawa lake, suruali imekunjwa magotini. "Lako umelijenga kwa saruji?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Uliliroweka kwanza?"

"Kaka yangu, mimi kazi yangu ni kuroweka tangu asubuhi, ila ukuta sijawahi."

Mfugaji akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. "Saruji mpya inatoa chokaa, dada. Chokaa inawachoma samaki. Unajaza maji, unayaacha siku kadhaa, unamwaga. Unarudia mpaka maji yasiwe na ule utelezi wa sabuni. Na maji ya bomba nayo yaache yalale kwanza, dawa iishe."

Mama Pasi alisimama pale akiwa na mkoba wake begani. Chokaa. Chumvi. Nyeupe zote mbili, na zote zinaanza vilevile mdomoni.

Alifika nyumbani akamwendea mumewe moja kwa moja. "Ulikuwa unasema chokaa."

Fundi akamtazama. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia, na machozi yakamtoka kwenye jicho la upande ulio mzima.

"Na mimi nikakuletea kibakuli," alisema Mama Pasi.

Hapo Fundi akacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kinavujavuja, ila kilikuwa chake, na nyumba ile haikuwa imekisikia tangu hospitali. Mkewe naye akaanza kucheka, akajikuta amekaa sakafuni, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka usingizi, akalala pale pale mgongo ukiegemea mguu wa kiti.

Ikafuata kazi ya kujaza na kumwaga. Wiki baada ya wiki, akitoka kwenye maji ya hoteli anaingia kwenye maji ya nyumbani, ndoo chini, ndoo juu. Fundi alichovya vidole, akavisugua, akatikisa kichwa: bado. Siku alipoacha kutikisa kichwa, Mama Pasi alirudi kwa mfugaji. Akapewa samaki wengine, na mizizi ya yungiyungi, ambayo aliipanda kwenye makarai ya zamani ya Fundi yaliyojazwa tope, yakazamishwa kwa mawe. Ukingoni akapanda matete. Yungiyungi likatandaza majani kama sahani juu ya maji, mbu wakapungua, na bwana afya alipopita aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda zake. Kiti cha Fundi kikahamia nje.

Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini uchovu hauondoki kwa sababu ua limechanua. Mama Pasi bado alimwogesha mumewe kabla ya jua, akamvisha, akampikia, akaenda kusimama siku nzima, akarudi kuanza tena. Alianza kusinzia akiwa amesimama. Siku moja aliunguza shuka, akakemewa na msimamizi ambaye angeweza kumzaa.

Wifi alipokuja alimwona. "Wifi, utakufa wewe, umwache huyu," alisema. "Nipe kaka yangu nikakae naye kidogo. Upumzike."

Mama Pasi alijua jibu la kistaarabu ni lipi. Akausikia mdomo wake ukisema, "Mchukue."

Hakumuuliza hata mwenyewe. Fundi alimtazama mkewe, akautazama mfuko wa nguo ukifungwa. Hakusema hapana, na lile neno alikuwa nalo.

Mama Pasi akalala. Alilala kama gunia, akaamka, akala ukoko wa jana, akalala tena. Ilipompungua ile njaa ya usingizi, akaanza kuona nyumba. Akatoka nje akapunguza majani ya yungiyungi, maana aliyaona kama fujo, na fujo alikuwa nazo za kutosha. Siku zikapita, jua likapiga maji wazi, maji yakageuka kijani kizito. Samaki wakapanda juu, vinywa wazi, wakihema.

Akampigia simu wifi, akaomba Fundi asogezewe sikioni. "Maji yamekuwa kijani," alisema. "Samaki wanahema juu juu. Niliyakata majani."

Upande wa pili palikuwa na pumzi tu. Kisha, "Kivuli."

"Niwawekee kivuli?"

"Kivuli. Nakuja."

"Sijakuita uje, nimeuliza tu."

"Nakuja," alisema Fundi.

Wifi akaichukua simu. "Wifi, huyu mtu ananikalia mlangoni tangu alipofika. Nilidhani anaota jua, kumbe anangoja gari."

Fundi aliporudi, Mama Pasi alikuwa amefunika nusu ya bwawa kwa makuti na kubadilisha sehemu ya maji. Samaki wengine walikuwa wamekufa, wengi walikuwa hai. Fundi akakagua, akasonya kidogo kwa ajili ya heshima ya kazi, akakaa. Mkewe akakaa chini kando yake.

"Nilikutoa kwa sababu nilichoka," alisema. "Nilichoka na kazi. Na wewe pia, nisikudanganye."

Fundi akajigonga kifuani kwa mkono wa kushoto. "Na mimi," alisema.

Hakufafanua, wala hakukuwa na haja. Hata yeye Fundi alikuwa amechoka na Fundi.

Baada ya hapo walipatana kwamba wifi amchukue mara moja moja, kwa kuulizwa kwanza. Mkono wa kulia haukurudi. Tangi halikujengwa, na ndoo zilibaki pale pale. Ndege mmoja mwenye mdomo mrefu aliwagundua samaki akawa anajihudumia. Majani ya yungiyungi yalirudi polepole, na maji yakaanza kusafika.

Siku moja ya mapumziko, alasiri, Mama Pasi alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akajinyoosha. Fundi alikuwa kitini akirusha pumba bwawani kwa mkono wa kushoto, nyingine zikiangukia matete. Jirani akaingia na nguo ya harusi mkononi, anataka ipigwe pasi kabla ya kesho.

"Yuko wapi mama?" aliuliza.

"Ka-lala," alisema Fundi.

"Ni dakika moja tu, Fundi. Nimwamshe?"

"Hapana," alisema Fundi.

Jirani akaondoka na nguo yake. Mama Pasi alikuwa ameyasikia yote. Hakufumbua macho.